Kujifunza muziki ukubwani hapa Mombasa: anza na kundi, chombo kitafuata

Watu wananiuliza sana, "we ulianzaje kupiga udi na umri huo?" (udi kile chombo cha nyuzi cha taarab) na mimi huwarudishia swali, wataka kupiga na nani? Hapo wengi hunyamaza. Wana chombo tayari, wengine wana hadi vyombo viwili vimelala chini ya kitanda, lakini mtu wa kupiga naye hawana.

Mimi nina miaka 44, kazi yangu ni kliaringi, nina watoto watatu, na jioni mbili kwa wiki nakuwa kwenye chumba kimoja Mji wa Kale na watu kumi na mmoja tunapiga vyombo. Kuna mwalimu wa praimari, kuna dereva wa tuktuk, kuna bi mmoja auza mahamri asubuhi na jioni ashika fidla. Karibu sote tumeanza ukubwani. Kabla ya hapo nlijaribu mara mbili nikashindwa, mara ya kwanza nlinunua kibodi nikajifungia nayo na video za simu, mwezi wa pili ikawa meza ya kuanikia nguo. Mara ya pili nlilipa masomo ya miezi mitatu kwa mpigo mahali fulani, mwalimu akapata kazi kwengine wiki ya tano, na pesa hadi leo nazisikia redioni. Mara ya tatu ndio nkaanza kinyume, nkatafuta watu kwanza. Basi mwongozo huu nauandika kwa mpango huo wa kinyume, ukitaka ule wa kawaida wa "nunua chombo, tafuta mwalimu, fanya bidii" upo kila mahali na wajua mwisho wake.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA WATU

Mombasa kuna watu wanaopiga pamoja kila wiki kuliko unavyodhani, ila hawajitangazi. Kwaya za kanisa ndizo rahisi zaidi kuingia, mazoezi yao yana siku maalum, mlango wazi, na mtu mzima asiyejua kitu hupokewa bila maswali mengi. Kuna makundi ya kaswida, haya mara nyingi yamefungamana na madrasa au msikiti wa mtaa. Kuna vikundi vya taarab, vingine vimebaki na wazee watatu wanaotafuta damu mpya kwa udi na uvumba. Kuna bendi za hoteli kuanzia Nyali hadi Shanzu, hawa ni watu wa kazi, hawana muda wa kukufundisha lakini mmoja mmoja wao hufundisha mchana. Na kuna bango, muziki wa Pwani uliokuzwa na Mzee Ngala na saksofoni yake, kama wapenda vyombo vya kupuliza huko ndiko.

Utawapataje? Nenda harusi. Sio utani. Kila harusi yenye kinanda ina mtu wa kukaza nyuzi na kukunja nyaya baada ya shughuli, huyo ndiye wa kumwendea, sio muimbaji, muimbaji ana watu mia wanamzunguka. Msaidie kubeba spika hadi kwenye pikapu halafu uulize, "Ami, mazoezi yenu huwa wapi?" Kama ni shughuli ya wanawake na wewe ni mwanamke basi una bahati, manake kuna makundi ya kina mama peke yao na mwanamume haingii hata akiwa anajua kupiga vipi.

Ukienda mazoezi mara ya kwanza keti karibu na mlango na usiguse kitu. Angalia mambo matatu tu. Wanaanza saa waliyosema, au saa mbili baadaye? Mtu akikosea, wanasimama wanarekebisha au wanapita tu? Na je, kuna mwengine anayejifunza, hata mmoja? Kama hakuna hata mmoja basi kundi hilo limesahau kufundisha, utakaa pale mwaka mzima ukiletewa chai na hutaguswa.

Mimi siku yangu ya kwanza ilikuwa hivi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wapiga nini?"

"Sipigi kitu bado, nataka kujifunza udi."

"Makofi wajua kupiga?"

Nkacheka, nkadhani ananitania. Hakuwa anatania. Nlipiga makofi miezi miwili, halafu nkapewa tari, na udi sikuushika pale mpaka mwezi wa nne. Nlikasirika kidogo ntasema ukweli lakini sasa naona yule mzee alinifanyia hisani kubwa, na ndio maana hatua ya pili iko hivi.

HATUA YA PILI: MAKOFI KABLA YA NYUZI

Hii fanya hata kama huna kundi bado, yaweza kufanywa jikoni. Chukua chakacha, mdundo ambao kila mtu wa hapa ameucheza tangu utotoni bila kujua umejengwa vipi. Hesabu moja mpaka sita, taratibu, bila kusimama, sita ikiisha unarudi moja. Mguu gonga kwenye moja na nne. Ukizoea, ongeza makofi kwenye moja, tatu na tano. Kwa hivyo mguu unagonga mara mbili na mikono inapiga mara tatu ndani ya hesabu ile ile moja, vinakutana kwenye moja tu halafu vinaachana.

Mwanzo mikono itafuata mguu, au mguu utafuata mikono. Kila mtu humtokea. Dawa ni kusema kwa mdomo "moja, tatu-nne, tano" huku unafanya polepole kabisa, na usiongeze kasi mpaka uweze kuongea na mtu huku viungo vinaendelea wenyewe. Mimi nlikuwa nafanya kwenye feri ya Likoni, vidole juu ya paja na kisigino chini, watu wanadhani nina wasiwasi. Ilinichukua wiki tatu.

Faida yake ni kwamba kundi halikutoi kwa sababu umepiga noti mbaya, noti mbaya moja hupita na upepo, lakini ukipoteza mdundo unawaangusha wote kumi na mmoja.

HATUA YA TATU: CHAGUA CHOMBO KULINGANA NA KUNDI (NA NYUMBA YAKO)

Ukisha kaa na kundi miezi miwili utaona pengo liko wapi. Wapiga kibodi wako tele, wapiga gita wako tele. Fidla, udi, ganuni, hapo ndio utatafutwa. Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, kuikaza tu ni nusu saa, sikushauri uanzie huko labda kama una subira ya mvuvi wa mshipi. Taishokoto, ile bapa yenye vibonyezo kama taipureta ambayo asili yake ni Japani lakini taarab ya Mombasa ikaifanya mwenyeji, ni rahisi kuanza na haina mpinzani kwa ile ladha ya taarab ya kale, shida ni kuipata. Gita kwa mwenye haraka: kodi tatu za mwanzo (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zakuwezesha kusindikiza nyimbo nyingi sana.

Nyumba pia inasema. Ukiwa unaishi fleti Tudor au Buxton na ukuta wa jirani uko hapa, saksofoni na ngoma zitakugombanisha. Kibodi ina tundu la hedifoni, waweza kupiga saa sita za usiku. Udi una sauti ya chini, mtoto alala pembeni na haamki.

Ila wenye kibodi sikilizeni hapa. Ukitaka taarab yenye makamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti kama Rast au Bayati, kuna sauti hazipo kwenye kibodi ya kawaida, zimelala katikati ya kibonyezo kimoja na kingine. Ile "mi" ya Rast iko chini kidogo ya "mi" unayoijua. Kuna kibodi za mashariki zenye mpangilio wa robo sauti, na hata nyingine za kawaida ukichimba kwenye menyu utaweza kushusha sauti moja moja, uliza kabla hujanunua. Udi na fidla hazina tabu hiyo kwa sababu shingo zao hazina vile vichuma vya kugawanya sauti, unaweka kidole popote, na hiyo ndiyo raha na ndiyo adhabu yake.

Na usijiambie sikio lako limezeeka. Wewe umesikia adhana mara tano kwa siku tangu kuzaliwa, Muislamu au Mkristo, na waadhini wengi hutumia makamu hizo hizo, Hijaz, Rast, Bayati. Sikio limeshasoma, ni vidole tu havijasoma.

HATUA YA NNE: KUNUNUA BILA KUIBIWA

Azima kwanza. Kundi lenye umri lina chombo kimoja kilichovunjika kidogo juu ya kabati, omba hicho, kitengeneze kwa gharama yako, kila mtu atafurahi.

Ukinunua udi (wa kupiga, sio wa kufukiza) tahadhari na zile nzuri nzuri zenye nakshi zinazouzwa kwenye maduka ya watalii. Nlinunua mmoja. Mzuri ajabu, ukining'inia ukutani. Nyuzi zilikuwa juu ya shingo kiasi kwamba kidole kingepita chini yake, nlibonyeza wiki moja vidole vikatoka damu, fundi alipouona akasema "huu ni samani". Kwa hivyo nenda na rula. Pale shingo inapokutana na tumbo, pima kutoka mbao hadi uzi, milimita 3 hivi ni sawa, 4 wavumilia, ikipita 5 rudisha. Tazama shingo kwa jicho moja kama unavyotazama ubao kwa seremala, iwe imenyooka. Zungusha vishikio vyote vya kukazia nyuzi, udi wa kawaida una 11, jozi tano na uzi mmoja mnene peke yake. Vinavyoteleza si kasoro kubwa, paka chaki. Vinavyokwama paka sabuni kavu kidogo. Halafu gonga mgongo kwa kidole polepole ukizunguka, ukisikia mahali panalia kwa mtetemo mkavu kama karatasi, gundi imeachia.

Fidla ya mtu mzima ni saizi kamili, 4/4, usiuziwe ya mtoto kwa sababu ni bei rahisi. Gita hakikisha unabonyeza kamba ya kwanza bila kukunja uso.

Sasa hali ya hewa yetu, na hapa nakaa kidogo manake wanaoandika miongozo ya muziki hawaishi Mombasa. Chumvi na unyevu hula nyuzi. Zile nene zilizozungushiwa waya hugeuka nyeusi na sauti yake hufa kabla hazijakatika, utadhani wewe ndiye umeharibika kumbe ni uzi. Futa kila baada ya kupiga, kitambaa cha pamba kikavu, mbele na nyuma ya nyuzi. Weka kwenye mkoba vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, omba duka la viatu wanatupa. Msimu wa kaskazi joto likipanda usiache chombo ndani ya gari hata dakika ishirini, gundi hulainika na daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, hung'oka, mwenzetu mmoja alienda kununua samaki tu akarudi akakuta daraja liko chini ya mkoba. Masika ikija vishikio vya mbao vinavimba na kukwama, usivilazimishe kwa koleo.

HATUA YA TANO: MWALIMU

Kundi halikufundishi kushika chombo, linakufundisha kusikiza. Kwa hivyo mwalimu wa pembeni utamhitaji, hata kama ni mara mbili kwa mwezi. Mimi nalipa 1,000 kwa saa moja, nimesikia wanaotoza zaidi na wanaotoza kidogo, bei nenda ukaulize mwenyewe lakini masharti ndio muhimu kuliko bei. Lipa somo kwa somo au mwezi kwa mwezi, kwa M-Pesa ili kila mmoja awe na ujumbe, mimi nlishaungua na hiyo ya miezi mitatu. Ulizeni mapema mtu asipotokea nani anabeba hasara. Na somo la kwanza mwambie, "Mwalimu, mimi niko na kundi fulani, wanapiga nyimbo hizi, nisaidie niwafikie." Mwalimu mzuri hufurahi akisikia hivyo, anajua pa kuanzia. Yule anayekwambia achana na kundi mwaka mzima ujenge msingi kwanza, mheshimu halafu utafute mwengine.

Kitu kingine kwa sisi watu wazima, aibu. Mwalimu wangu nampita kwa miaka kumi na tano, namwita mwalimu, yeye aniita kaka, na ananambia "rudia" mara ishirini mbele ya mtoto wa miaka kumi anayesubiri zamu yake akiwa anajua zaidi yangu. Zoea.

HATUA YA SITA: WAKATI

Dakika ishirini kila siku. Masaa matatu Jumapili hayafanyi kazi, vidole vinasahau ikifika Jumatano, nimejaribu. Chombo kiwe nje ya mkoba mahali unapopita, mimi wangu umeketi juu ya kabati la vyombo karibu na pa kunywea chai, nangoja maji yachemke napiga.

Gawa zile dakika ishirini hivi: tano za kukaza nyuzi (tumia programu ya simu lakini waulize kundi lako wanakaza vipi, udi hukazwa kwa mipangilio tofauti na ukija na wako mtagongana), kumi za kipande kimoja kidogo kinachokushinda, tano za wimbo unaoupenda hata kama waharibu. Wengi hupiga wimbo mzima kuanzia mwanzo kila siku, na kila siku wanakwama pale pale katikati. Kata ile sehemu, piga noti nne tu, polepole.

Ncha za vidole zitauma wiki mbili tatu kisha zinakuwa ngumu. Kucha za mkono wa kushoto kata, hina haina neno, kucha za bandia ndio haziwezekani bi harusi anisamehe.

Kama wavuka, hesabu feri. Jioni watu wote warudi Likoni, kwa hivyo mtu wa Likoni anayekuja mazoezini mjini saa kumi na mbili anakwenda kinyume na msongamano, yuko sawa, taabu ni mtu wa kisiwani aliye na mwalimu ng'ambo. Wa Bamburi na Mtwapa wawe na roho ya kusimama darajani Nyali. Na kalenda ya kundi sio ya shule: Ramadhani vyombo vingi vinawekwa, Shaaban na mfungo mosi ni harusi juu ya harusi na hakuna mtu wa kukufundisha, kwaya nazo Krismasi na Pasaka hawalali. Wakati mzuri wa kuingia ni ule mkavu wa katikati, watu wana nafasi.

HATUA YA SABA: KUSOMA NOTI AU LA

Inategemea. Kwaya wanatumia sol-fa, yaani do re mi kwa herufi, d r m f s l t, na ni rahisi kuliko inavyoonekana, nukta mbili zatenganisha mapigo na kistari chamaanisha endelea kuvuta sauti ile ile. Wiki mbili umeijua. Taarab kwa kiasi kikubwa yapigwa kwa sikio, ukija na karatasi watakutazama tu. Hapo kazi yako ni kusikiliza, na sio kusikiliza ukiosha vyombo, ni kukaa chini. Zein l'Abdin kwa mkono wa udi, Juma Bhalo kwa namna ya kubeba maneno, Zuhura Swaleh na Malika kwa mdundo wa harusi. Chukua sekunde kumi za utangulizi, zirudie mpaka uweze kuziimba kwa mdomo, ndio uguse chombo. Usichoweza kukiimba hutaweza kukipiga.

Wanaotaka cheti kuna mitihani ya ABRSM, bodi ya muziki ya Uingereza, daraja la 1 mpaka la 8, haina kikomo cha umri, na siku hizi kuna aina unayojirekodi video na kutuma. Kuanzia la 6 lazima uwe umepita nadharia ya daraja la 5 au mbadala wake. Fidla, gita na piano zimo, udi haumo. Wa taarab akitaka darasa la mpangilio, Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilianza 2002, na kinafundisha udi, ganuni na fidla za taarab. Mimi cheti sikutafuta, sina wa kumuonyesha.

Na anayesema amechelewa, Siti binti Saad, muimbaji wa taarab wa Unguja, alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, alipokuwa mtu mzima aliyekaribia miaka hamsini.

HATUA YA NANE: KUTOKA MBELE ZA WATU

Kundi litakwambia siku, wewe usijitolee. Yangu ilikuwa harusi ya binamu wa mpiga tari, Majengo, nlipewa nyimbo mbili tu kati ya tisa, zilizobaki nkae na makofi. Mikono ilikuwa na jasho mpaka risha, ile ya kukwaruzia nyuzi, ikaniruka ikaangukia kwenye sinia la sambusa. Kwa hivyo beba risha tatu, uzi wa akiba wa kila aina, kitambaa, na maji yako mwenyewe. Kaza nyuzi ukifika, halafu kaza tena baada ya nusu saa kwa sababu feni na watu wanabadilisha hewa ya chumba. Ukipotea katikati ya wimbo usikimbizane nao, acha kabisa, sikiliza makofi yako wapi, ingia kwenye moja inayofuata. Usimtazame muimbaji, mtazame mpiga ngoma.

Kula kabla, manake chakula cha wapigaji huletwa mwisho.

Na wakija kutunza, hata kama yule mama amesimama mbele yako wewe na noti ya mia tano kakuwekea juu ya udi, usiitie mfukoni. Iache hapo hapo, endelea kupiga. Kuna mtu wa kuokota, na hesabu hufanywa nyuma ya pikapu shughuli ikiisha.